Satelaiti Ndogo na Ratiba za Wanaanga: Mwananchi Azisomeje Tarehe za Anga za Juu?

UCHAMBUZI

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

Kwa mkazi wa Hananasif, Tandale au Kigogo katika Manispaa ya Kinondoni, na kwa mwenzake wa Mtoni au Mbagala katika Manispaa ya Temeke, habari za angani si jambo la anasa. Kila msimu wa masika na vuli, mamia ya familia zinazoishi kandokando ya Mto Msimbazi, Mto Ng'ombe na Mto Kizinga husikiliza taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) kabla ya kuamua kama walale nyumbani au wahamishe watoto na magodoro kwa ndugu walio mwinuko. Sehemu ya taarifa hizo huanzia kwenye satelaiti zilizoko maelfu ya kilomita juu ya vichwa vyao.

Ni kwa sababu hiyo wananchi wengi walipokea kwa matumaini kauli ya Rais wa Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Mheshimiwa Dkt. Samia Suluhu Hassan, aliyoitoa mwaka 2023, kwamba Tanzania imeanza maandalizi ya kurusha satelaiti yake. Tangu hapo limekuwa likisikika swali moja katika vijiwe, madarasa na mitandao ya kijamii: lini?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake lina uzito kuliko tarehe peke yake. Uzoefu wa majirani zetu Kenya, Uganda na Rwanda unaonesha kuwa satelaiti ndogo ya nchi inayoanza mara nyingi haisafiri kwa ratiba yake yenyewe. Husafiri kama abiria ndani ya ratiba za wengine, na mara kadhaa ratiba hizo zimekuwa za safari za wanaanga kwenda na kurudi kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Makala haya yanaeleza utaratibu huo, yanapima faida na mipaka yake, na yanaonesha kwa nini mwaka 2030 ni mwaka wa kuangaliwa kwa makini na nchi yoyote inayofikiria kuupitia mlango huo.

Historia iliyo karibu kuliko tunavyodhani

Ikumbukwe kuwa pwani ya Afrika Mashariki si ngeni katika shughuli za anga. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Marekani ilipoanza kupeleka binadamu angani kupitia mradi wake wa Mercury, mojawapo ya vituo vya ardhini vya kufuatilia safari hizo lilijengwa Tunguu, Unguja. Mwanaanga John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu tarehe 20 Februari 1962, kituo cha Zanzibar kilikuwa miongoni mwa vituo vilivyopokea mawimbi ya chombo chake. Kituo hicho kilifungwa mwaka 1964, baada ya Mapinduzi.

Miaka sita baadaye, tarehe 12 Desemba 1970, Marekani na Italia zilirusha satelaiti ya kisayansi kutoka jukwaa la San Marco, lililosimikwa baharini karibu na Malindi nchini Kenya. Kwa kuwa siku hiyo iliangukia maadhimisho ya uhuru wa Kenya, satelaiti hiyo ilipewa jina la Uhuru. Ilikuwa na uzito wa takriban kilo 140 tu, lakini ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutengwa mahsusi kwa uchunguzi wa miali ya eksirei kutoka kwenye nyota, na orodha yake ya vyanzo 339 vya miali hiyo ilifungua ukurasa mpya wa elimu ya falaki.

Matukio hayo mawili yana somo moja. Eneo letu, lililo karibu na Ikweta na lenye upeo mpana wa bahari upande wa mashariki, lilifaa. Hata hivyo, mitambo ilikuwa ya wengine, wataalamu walikuwa wa wengine, na kituo kilipofungwa ujuzi uliondoka nacho. Kipimo cha mafanikio ya satelaiti yoyote ya Tanzania, kwa hiyo, kitakuwa kile kitakachobaki ardhini baada ya satelaiti yenyewe kumaliza muda wake.

Majirani walivyopita

Tarehe 11 Mei 2018, satelaiti ya kwanza ya Kenya, iitwayo 1KUNS-PF, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu. Ilitengenezwa na Chuo Kikuu cha Nairobi kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma, Italia. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa katika mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia masuala ya anga za juu pamoja na Wakala wa Anga wa Japani (JAXA). Mpango huo huzipa nchi zinazoendelea nafasi ya kurushiwa satelaiti bila kulipia gharama za safari. Nchi husika hubeba gharama za kuitengeneza.

Rwanda ilifuata. Satelaiti yake ya RWASAT-1, iliyoandaliwa kwa ushirikiano na wataalamu wa Japani, ilisafiri kwa chombo cha mizigo cha Japani mwezi Septemba 2019 na kuachiwa kutoka kituoni tarehe 20 Novemba 2019. Uganda nayo iliwapeleka wahandisi watatu kusoma katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, nchini Japani. Kazi yao, PearlAfricaSat-1, iliondoka duniani tarehe 7 Novemba 2022 na kuachiwa angani tarehe 2 Desemba 2022, sambamba na satelaiti ya kwanza ya Zimbabwe.

Satelaiti za Kenya na Uganda zilikuwa za kipimo kinachofanana: mche wa mraba wenye sentimita 10 kila upande na uzito usiozidi kilo moja na theluthi. Mtu anaweza kuishika kiganjani. Ya Rwanda ilikuwa na ukubwa wa miche mitatu ya namna hiyo ikiwa imepangwa pamoja.

Inavyoachiwa

Satelaiti hizi hazirushwi na roketi moja kwa moja hadi kwenye njia zake. Hufungwa ndani ya kasha na kupakiwa katika chombo cha mizigo pamoja na chakula, maji, nguo na vifaa vya utafiti vya wanaanga. Chombo kinapofika kituoni, wanaanga hulitoa kasha hilo na kuliweka kwenye chumba kidogo chenye milango miwili katika maabara ya Kijapani iitwayo Kibo. Mlango wa ndani hufungwa, hewa hutolewa, kisha mlango wa nje hufunguliwa. Mkono wa roboti hulishika kasha na kulielekeza nyuma na chini ya kituo. Amri inapotolewa, springi huisukuma satelaiti nje kwa kasi inayozidi kidogo mita moja kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea.

Antena hazikunjuki wala redio haiwashwi mpaka zipite dakika 30, ili satelaiti iwe imekwisha kuwa mbali na kituo chenye watu. Kwa sababu hiyo hiyo ya usalama wa binadamu, betri zake, kingo zake na swichi zake hukaguliwa kwa awamu kadhaa kabla ya safari. Satelaiti iliyokamilika lakini isiyokidhi masharti hayo hubaki chini.

Njia hii ina faida za wazi. Kasha husafiri ndani ya chombo likiwa limefungwa kwa vitambaa laini, hivyo mtikisiko wa roketi hauipati satelaiti kwa ukali. Njia ya kituo hicho huizunguka dunia kati ya nyuzi 51.6 kaskazini na nyuzi 51.6 kusini, hivyo Tanzania yote imo ndani. Na kwa nchi inayoanza, masharti makali ya usalama ni shule kamili ya uhandisi.

Gati mbili, vyombo vingi

Wakazi wa Kurasini na Mtoni wanafahamu hali ya meli kukaa nje ya Bandari ya Dar es Salaam zikisubiri gati. Kituo cha anga nacho kina gati zake. Kwa upande unaosimamiwa na Marekani zipo gati mbili tu zinazoweza kupokea vyombo vya aina ya Dragon na Starliner, vikiwemo vinavyobeba watu. Wanaanga hupokezana kila baada ya miezi kadhaa, na kwa kawaida chombo kipya hutia nanga kabla cha zamani hakijaondoka. Gati moja ikishikwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, ratiba nzima husogea.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 2024. Wanaanga Butch Wilmore na Suni Williams waliondoka duniani tarehe 5 Juni kwa chombo kipya cha Starliner, wakitarajiwa kukaa angani siku zipatazo nane. Hitilafu za chombo hicho zilisababisha uamuzi wa kukirudisha kikiwa kitupu mwezi Septemba. Safari ya wanaanga iliyokuwa imepangwa kuondoka katikati ya Agosti iliahirishwa hadi tarehe 28 Septemba, na badala ya watu wanne ikapeleka wawili ili viti viwili vibaki kwa ajili ya waliokwama. Wilmore na Williams walirejea tarehe 18 Machi 2025, baada ya siku 286.

Mfano mwingine unaigusa Afrika Mashariki kwa karibu zaidi. Katikati ya Desemba 2022, takriban wiki mbili baada ya satelaiti ya Uganda kuachiwa, chombo cha Soyuz MS-22 kilichokuwa kimetia nanga kituoni kilianza kuvuja kimiminika cha kupoza mitambo. Wanaanga watatu walilazimika kuongezewa muda, na Frank Rubio wa Marekani akajikuta amekaa siku 371 mfululizo badala ya miezi sita. Kama satelaiti ya Uganda ingechelewa kwa wiki tatu tu, ingefika katika kipindi ambacho wasimamizi wa kituo walikuwa wakishughulikia usalama wa watu kwanza. Huo ndio mpangilio sahihi wa vipaumbele, na hakuna nchi yenye satelaiti kasheni inayoweza kuulalamikia.

Mizigo nayo ina foleni yake. Mapema mwaka 2025, chombo cha mizigo cha Cygnus kilichokuwa kikisubiri zamu yake kiliharibika kikiwa bado kinasafirishwa ardhini. Marekani ikalazimika kubadili shehena ya safari iliyofuata ya mwezi Aprili kwa kuongeza chakula na mahitaji mengine ya wanaanga. Katika mazingira kama hayo, kifaa cha utafiti kinaweza kuupisha unga wa chakula, na hakuna mkataba unaoweza kuzuia hilo.

Tarehe tatu katika tangazo moja

Kwa muktadha huo, mwananchi anaposikia kuwa satelaiti fulani "itarushwa" tarehe fulani, ni vyema atambue kuwa nyuma ya neno hilo zipo tarehe tatu tofauti.

Ya kwanza ni tarehe ya roketi kuondoka. Hii ndiyo husogea mara nyingi, na wakati mwingine kwa sababu ndogo. Safari iliyobeba PearlAfricaSat-1 ilikuwa iondoke Virginia, Marekani, tarehe 6 Novemba 2022. Kengele ya moto ililia katika jengo la waongozaji wa chombo, watu wakatolewa nje, na roketi ikaondoka kesho yake. Safari iliyobeba RWASAT-1 ilisogezwa kwa wiki mbili baada ya moto kutokea kwenye jukwaa la kurushia roketi nchini Japani.

Ya pili ni tarehe ya kuachiwa. Kwa Kenya, siku 39 zilipita kati ya roketi kuondoka tarehe 2 Aprili 2018 na satelaiti kuachiwa tarehe 11 Mei. Kwa Uganda zilikuwa siku 25. Kwa Rwanda zilikuwa siku 57. Tofauti hizo hazikutokana na ubora wa satelaiti. Zilitokana na nafasi katika kalenda ya kazi za wanaanga na ya chumba cha kuachilia.

Ya tatu, na iliyo muhimu kuliko zote kwa mwananchi, ni tarehe ya taarifa ya kwanza yenye manufaa kufika ardhini. Hii hutanguliwa na wiki au miezi ya kuitafuta satelaiti, kuituliza isizunguke ovyo, kupima betri na kujaribu kamera. Satelaiti nyingi za vyuo duniani zimeachiwa salama na kisha zisisikike kabisa. Tangazo linalotaja tarehe ya kwanza peke yake halijakamilika, na linaweza kuzaa manung'uniko yasiyo ya lazima pale siku inapopita bila jambo kutokea.

TMA imekwisha kutuzoesha utaratibu mzuri wa kutofautisha viwango vya uhakika: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa, kila kimoja na rangi yake. Taasisi zitakazosimamia mradi wa satelaiti zinaweza kuiga hekima hiyo kwa kutaja mapema ni tarehe ipi inayozungumzwa, imethibitishwa kwa kiwango gani, na nani mwenye mamlaka ya kuibadilisha.

Satelaiti moja inaona nini?

Ni muhimu pia kusema bayana kile ambacho satelaiti ndogo haiwezi kufanya. Kamera ya PearlAfricaSat-1 ilielezwa kuwa na uwezo wa kutofautisha vitu vya takriban mita 20. Kwa lugha ya wanunuzi wa viwanja vya Chamazi na Mbagala, nukta moja ya picha hiyo ni sawa na kiwanja kizima cha ishirini kwa ishirini. Picha ya namna hiyo huonesha kupungua kwa mikoko, kupanuka kwa makazi na hali ya mashamba. Haioneshi mtaro ulioziba nyuma ya nyumba ya mtu.

Aidha, kamera ya kawaida haioni kupitia mawingu, na mafuriko ya Dar es Salaam huja na mawingu. Rada inayoweza kupenya mawingu inahitaji umeme na antena kubwa kuliko inavyoweza kubebwa na mche wa sentimita 10.

Lipo pia suala la muda. Satelaiti iliyoachiwa kutoka kituoni huizunguka dunia kwa takriban dakika 90, lakini kituo kimoja cha ardhini huiona mara chache tu kwa siku, na kila mara kwa muda usiofika dakika 10 au unaozidi hapo kidogo sana. Redio ya satelaiti ndogo ikituma kwa kasi ya biti 9,600 kwa sekunde, kasi inayotumika sana katika miradi ya vyuo, dakika nane kamili huleta kilobaiti zisizofika 600. Picha nyingi zinazopigwa kwa simu ya mkononi ni nzito kuliko hapo.

Na mwisho, umri wake ni mfupi. Katika kimo cha takriban kilomita 400 bado kuna hewa nyepesi inayoivuta satelaiti chini. 1KUNS-PF ya Kenya iliungua angani mwaka 2020, takriban miaka miwili baada ya kuachiwa, kama ilivyotarajiwa.

Maelezo haya hayalengi kuwakatisha tamaa wananchi. Yanalenga kuweka matarajio mahali pake. Tarehe 25 Aprili 2024, aliyekuwa Waziri Mkuu wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa mvua zilizoambatana na El Niño zilikuwa zimesababisha vifo vya watu 155 na kujeruhi wengine 236 nchini. Katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ililihesabu kuwa na watu 5,383,728, haitakuwa sawa kumwacha mwananchi aamini kuwa satelaiti ya kwanza ya taifa itamwokoa na mafuriko yajayo.

Kinachookoa sasa

Ulinzi uliopo leo unatokana na mchanganyiko wa vyanzo. TMA hutumia picha za satelaiti za Ulaya za Meteosat, rada za hali ya hewa ikiwemo ya Dar es Salaam, na vituo vya ardhini. Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani mwanzoni mwa Mei 2024, taarifa zilitangulia upepo, na safari za boti kati ya Dar es Salaam na Zanzibar zilisitishwa kwa muda.

Picha za satelaiti za Sentinel za Umoja wa Ulaya na Landsat za Marekani hupatikana bila malipo kwa yeyote mwenye intaneti na ujuzi wa kuzichambua. Sentinel-2 hutofautisha vitu vya mita 10, na Sentinel-1 ni ya rada, hivyo huona hata kukiwa na mawingu. Tanzania pia ni mwanachama wa Kituo cha Kikanda cha Upimaji na Ramani kwa ajili ya Maendeleo, kilichopo Nairobi, ambacho kimekuwa kikitoa mafunzo ya kutumia picha hizo.

Kwa upande wa ardhini, mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015 uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora ramani za mitaro, njia na nyumba katika kata zinazokumbwa na mafuriko, zikiwemo za Kinondoni na Temeke. Mtaro ambao satelaiti haiuoni, kijana wa mtaa anaujua. Picha ya anga inapounganishwa na ramani ya mtaa ndipo mjumbe wa nyumba kumi anapopata jambo la kumwambia jirani yake.

Kwa hiyo, hoja ya kuwa na satelaiti ya taifa isisimamishwe juu ya picha peke yake. Isimame juu ya watu. Mhandisi aliyewahi kuunda satelaiti, kuipitisha kwenye ukaguzi, kuipoteza na kuipata tena kwenye redio, ndiye atakayejua namna ya kujadiliana mkataba wa satelaiti kubwa, kuikagua taarifa inayouzwa na kampuni ya nje, na kuendesha kituo cha kupokea data bila kumsubiri mgeni.

Mlango unaoelekea kufungwa

Hapa ndipo ratiba inapogeuka kuwa suala la sera. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ambacho kimekuwa na watu bila kukatika tangu tarehe 2 Novemba 2000, kimepangwa kufanya kazi hadi mwaka 2030, kisha kushushwa kwa mpangilio na kuzamishwa baharini. Mwezi Juni 2024 Marekani iliipa kampuni ya SpaceX zabuni ya kutengeneza chombo cha kukishusha, kwa thamani inayoweza kufika dola milioni 843.

Tukihesabu kurudi nyuma, picha inakuwa wazi. Mafunzo na utengenezaji wa satelaiti ya kwanza ya namna hii huchukua takriban miaka miwili. Ukaguzi wa usalama, usafirishaji na kusubiri nafasi huongeza miezi. Ahirisho moja la safari ya wanaanga linaweza kuongeza mingine. Nchi itakayoanza mchakato mwaka 2028 itakuwa ikikimbizana na saa. Itakayoanza mapema itakuwa na nafasi ya kukosea mara moja na kurekebisha.

Hii si njia pekee. Tarehe 15 Aprili 2023, Kenya ilirusha Taifa-1 kwa roketi iliyobeba makumi ya satelaiti za nchi na kampuni mbalimbali kutoka kambi ya Vandenberg, Marekani. Satelaiti hiyo haikupitia kituoni. Ilipelekwa moja kwa moja kwenye njia iliyo juu zaidi, ambako satelaiti hudumu kwa miaka mingi zaidi. Safari yenyewe iliahirishwa mara kadhaa kwa sababu ikiwemo hali ya hewa, lakini kwa siku, si kwa miezi. Nafasi hiyo hununuliwa kwa fedha, wakati nafasi ya KiboCUBE hushindaniwa kwa andiko bora.

Uamuzi kati ya njia hizi una gharama pande zote. Njia ya kituoni ni nafuu na ina ualimu ndani yake, lakini hutegemea kalenda ya wanaanga na inaelekea ukingoni. Njia ya roketi ya pamoja ina uhakika zaidi wa tarehe na maisha marefu, lakini humtaka mnunuzi ajue anachokinunua. Inaonekana ni busara kuifikiria njia ya kwanza kama darasa na ya pili kama kazi, na kutoanza kazi kabla ya darasa.

Wajibu wa kila upande

Kwa taasisi zinazohusika, jambo la kwanza ni kutenga kituo cha ardhini na watu wake kabla ya kutenga tarehe ya sherehe. Uganda iliandaa kituo chake Mpoma, wilayani Mukono. Dar es Salaam ina Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) pale Kijitonyama, ina vyuo vikuu na taasisi za ufundi pande zote mbili za jiji, kuanzia Kinondoni hadi Chang'ombe. Antena ya kupokea mawimbi ya satelaiti ndogo inaweza kutengenezwa katika karakana ya chuo cha ufundi, na wanafunzi wakaanza leo kwa kusikiliza satelaiti za wengine zinazopita juu yetu kila siku.

Kwa vyombo vya habari, ni kutaja tarehe zote tatu na kutoandika "imeshindwa" pale safari inapoahirishwa kwa sababu ya usalama wa watu walioko angani.

Kwa mwananchi, ni kuendelea kufuata taarifa za TMA na za serikali za mitaa, kutoziba mitaro, na kuuliza maswali yenye uzito zaidi ya lini: satelaiti itaona nini, data itapokelewa wapi, nani ataichambua, na itamfikiaje mtu wa bondeni kabla ya maji.

Mwaka 1964 kituo cha Tunguu kilipofungwa, vifaa viliondoka na wataalamu wake. Safari hii satelaiti nayo itaungua angani baada ya mwaka mmoja au miwili, kwa sheria za maumbile. Wahandisi, kituo cha kupokelea na utaratibu wa kuifikisha taarifa hadi mtaani ndivyo vinavyopaswa kubaki, na hivyo havihitaji kusubiri tarehe ya roketi ya mtu mwingine ili kuanza kujengwa.